Hosteli au geto? Hesabu ya mwaka wa kwanza Moshi

Mdogo wangu wa Rombo amenipigia simu. Binti yake kachaguliwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na baba mtu ameshaamua moyoni kwamba atampangia chumba mtaani. Alichotaka kwangu ni kuungwa mkono tu.

Sababu yake ina uzito. Hosteli nyingi za vyuo haziruhusu kupika chumbani, kwa hiyo chai, mchana na usiku vyote ni vya kununua. Hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, tena kwa aliyebahatika kuupata. Kwenye geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, mkungu wa ndizi unashushwa stendi kutoka Rombo, maharage na unga ni vya nyumbani, mtungi mdogo wa gesi upo kwenye kona. Mkulima hana hela kila wiki, ila chakula anacho. Ukimnyima mtoto wake jiko, umemnyima msaada ambao mzazi anauweza.

Nilimwambia shida iko Oktoba, mwezi wa kuripoti. Geto linadai kila kitu kwa mpigo. Chukua chumba cha 50,000 kwa mwezi: mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita ni 300,000, dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, na hapo hujanunua godoro, ndoo wala pazia. Bumu nalo, yaani hiyo hela ya kujikimu ya mkopo, halitoki mpaka mwanafunzi asajiliwe na asaini, na wakati mwingine linachelewa. Ada ya hosteli pia hulipwa mapema, lakini haina dalali, na kitanda unakikuta.

Halafu kuna usiku. Mwaka jana nilimtembelea mpwa wetu mwingine anayekaa upande wa Rau, hapo hapo Moshi. Vyumba sita, mita moja ya luku. Kwenye mlango wa stoo walibandika karatasi ya daftari yenye majina na michango ya umeme, elfu mbili mbili. Jina lake limezungushiwa wino mwekundu kwa sababu ana pasi inayokula umeme. Saa tatu usiku umeme ukaisha, yeye kesho yake ana mtihani, wenzake wanabishana nani hajatoa. Alisoma kwa tochi ya simu mpaka chaji ikakata. Picha ile haijanitoka.

Hosteli nayo ina karaha zake: unalala na watu usiowajua, mmoja anaongea na simu hadi saa nane, likizo ikifika unafungasha na kuondoka. Hata hivyo taa zinawaka, mlinzi yupo getini, na kutoka maktaba kwenda kitandani hakuhitaji bodaboda. Kwa binti wa mwaka wa kwanza hili ni kubwa. Kodi ikiisha katikati ya muhula, wapo wanaoishia kuhamia kwa mwanaume, wakaanza kupika na kufua kama wake za watu huku vitabu vinasubiri. Siwalaumu hao mabinti. Nalaumu hesabu tulizowapigia nyumbani.

Kukaa kwa shangazi Majengo? Inategemea shangazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni hosteli mwaka wa kwanza. Ile 300,000 itunzwe. Akifika mwaka wa pili atakuwa ameshaijua mitaa, ameshamjua rafiki wa kuchangia naye kodi, na ndizi za baba yake zitapata jiko.

Ila vitanda havimtoshi kila mtu. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopata mwaka 2017 mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, bado kina wanaopanga mitaani. Ndiyo maana nimemwambia mdogo wangu aombe nafasi mara tu maombi yakifunguliwa. Akiikosa, basi atafute chumba chenye luku yake na mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu, na akakione mwenyewe usiku kabla hajatoa hela.