Msimguse Kirby, msimguse Woo: maoni ya mwana Simba aliyeko Seattle

Wakuu, mi nina miaka tisa huku Seattle na sijawahi kuumia kwenye michezo kama mwaka 2025. Mwezi wa tano Simba tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, Berkane wakatupiga 2-0 kwao Morocco alafu marudiano pale Amaan Zanzibar tukatoka 1-1 kombe likapanda ndege, nikasema haya bana, nina timu yangu nyingine huku, Mariners ya besiboli, ngoja nihamishie presha huko. Mwezi wa kumi na wao wakafika hatua moja tu kabla ya World Series, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, mechi ya 7 na ya mwisho ya nusu fainali ugenini Toronto, tunaongoza 3-1, tukafungwa 4-3.

Kwa wasiofuatilia besiboli, Mariners ilianza 1977 na kati ya timu 30 za ligi kuu ya Marekani ndo timu pekee ambayo haijawahi kucheza World Series hata mara moja. Sio kushinda, kucheza tu. Mwaka 2001 walishinda mechi 116 kati ya 162 na bado hawakufika. Mi hii hali naijua toka mtoto, 1993 Simba ilienda Abidjan ikatoka sare na Stella kwenye fainali ya CAF, sote tukajua kombe letu, wakaja Dar wakatufunga 2-0 nyumbani kwetu. Nilikuwa mdogo, Tanga, baba alizima redio akatoka akakaa barazani na chakula chake kikapoa mezani na mama hakumuita. Kwa hiyo nilipofika huku na kuona watu wazima wanaisubiri timu hii mwaka hadi mwaka niliwaelewa bila mtu kunieleza.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Baridi hii baada ya msimu wa 2025 kila mtu ana ushauri wake wa usajili na wengi wanasema Mariners ina mapitcha (wale wanaomrushia mpigaji mpira) wengi mno, iuze mmoja kati ya wale watano wa kuanza mechi ilete mpigaji. Mi nasema hapana, na nitawaambia kwa nini.

Pitcha anayeanza sio kama beki wa kati unayempanga leo na Jumatano tena. Anarusha mipira 90 hadi 100 kwa nguvu zote alafu mkono unahitaji siku nne au tano za kupumzika, ndo maana timu inakuwa na watano wanaopokezana kama zamu ya hospitali. Watano wetu wa 2025 ni Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Bryce Miller na Luis Castillo. Na huyo Castillo pekee ndo tumemtoa timu nyingine, Cincinnati, 2022. Wale wanne ni vijana wa nyumbani, walichukuliwa kwenye drafti, ambapo timu zinapeana zamu kuchagua vijana: Gilbert 2018 akitoka chuo, Kirby 2019, Miller na Woo wote 2021, na Woo alichukuliwa raundi ya 6 yaani timu nyingine zote zilishampita mara kadhaa.

Alafu watu wanasema tuna wengi. Wengi wapi? Angalia 2025 yenyewe. Kirby alianza msimu akiwa na tatizo la bega, Gilbert mkono ukamsumbua mwezi wa nne hadi wa sita, Miller kiwiko karibu msimu mzima kilikuwa hakimpi raha, Woo alikuwa wa moto kuliko wote, mechi 25 za kwanza mfululizo kila moja alimaliza angalau iningi 6 (iningi ni kipindi, mechi ya kawaida ina 9), alafu mwezi wa tisa msuli wa kifua ukamshika tukaingia mtoano bila yeye. Kati ya watano wale ni Castillo peke yake aliyeenda mwanzo mwisho. Sa ukiuza mmoja na wawili wakaumia unaanza na nani mwezi wa nane? Timu inayotaka ubingwa haihesabu mapitcha ikiwa wote wazima, inahesabu siku wawili wako kwenye kitanda cha daktari.

Kilichotuua sisi sio wapigaji. Cal Raleigh kapiga homurani 60, yaani mipira ya kupigwa mpaka jukwaani, na ni kecha! Mtu anayechuchumaa mechi nzima kudaka mipira, hamna kecha aliyewahi kufika hapo, na rekodi ya Mariners ya 56, ya nyota wa zamani Ken Griffey Jr., kaipita. Mpigaji Julio Rodríguez yupo. Josh Naylor tulimchukua katikati ya msimu na wamembakisha kwa miaka mitano, dola milioni 92.5, hapo nawapa uongozi heshima yao. Mpigaji Jorge Polanco ameenda timu ya Mets na inauma, ila hiyo nafasi yake ya kulinda besi ya pili (besi ni vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia) mpeni kijana Cole Young, mvumilieni akikosea mwezi wa nne.

Kilichotuua ni bulpeni, wale mapitcha wa kuingia baadaye kufunga mechi. Toronto iningi ya 7 Woo ndo katoka majeruhi, akaacha watu wawili kwenye besi, kocha Dan Wilson akamtoa akamwingiza Eduard Bazardo, George Springer akaupiga mpira mpaka jukwaani, pointi tatu papo hapo. Bazardo simlaumu, yule kijana alitumika sana mwezi ule na alitubeba. Lakini Andrés Muñoz alikuwa kakaa. Klosa wako, yaani pitcha wa kumalizia mechi, mtu aliyefunga mechi 38 msimu ule, unamtunzia iningi ya 9 wakati mechi inakufa iningi ya 7? Kama msiba uko leo huendi kuweka ubani kwa ajili ya kesho. Ndo maana nilifurahi walipomleta José Ferrer kutoka Washington, anarusha mkono wa kushoto na ana kasi, tumemtoa Harry Ford kwa ajili yake na Ford ni kecha mzuri sana ila nyuma ya Raleigh angecheza lini. Ongezeni mmoja mwingine kama huyo, basi. Wale watano waacheni.

Na hapa ndo huwa nafikiria nyumbani. Kaskazini ya Seattle kuna mji unaitwa Everett, wana timu ndogo ya Mariners pale, Kirby na Woo wote walipita, mi huwa nampeleka mwanangu maana kiingilio hakiumi. Siku moja tumekaa karibu kabisa na uzio wanapopasha mapitcha, kuna dogo hata ndevu hajaota vizuri anarusha, pembeni yake kuna mtu mzima kashika daftari, dogo akirusha yule anaandika, akirusha anaandika, mpira ukienda vibaya hamfokei, anamsogelea anamshika kiganja anakigeuza kidogo, anarudi nyuma anaandika tena. Nusu saa nzima. Yule dogo pengine hataonekana ligi kuu kwa miaka mitatu na hakuna aliyekuwa na haraka naye.

Kwetu nani anapewa miaka mitatu? Kila dirisha tunashusha vyuma vipya, tunaenda airport kumpokea mtu na vuvuzela, akikosa magoli mechi nne tunataka aondoke na kocha aondoke naye. Dogo wa timu ya vijana anakaa benchi mpaka anachukuliwa kwa mkopo mkoani na huko tunamsahau. Na sisemi hili kwa kuwadharau watu wa nyumbani, mi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kudai kocha afukuzwe, nilipokaa huku nikaona pitcha wa raundi ya 6 anavyolelewa ndo nikajua tunapoteza nini. Vipaji tunavyo, uvumilivu wa kumshika mtoto kiganja ndo hatuna.

Ila kuna kitu wao hawana, na hiki nakisema kwa moyo wote. Asubuhi baada ya mechi ya Toronto nimesimama kituo cha basi saa 10 alfajiri naenda kazini, mvua ya Seattle ile isiyonyesha wala kuacha, pale kuna mzee Mmarekani kavaa kofia ya Mariners na mi nimevaa yangu. Akaniangalia, akatikisa kichwa mara moja, akageukia barabarani. Huo ndo ulikuwa msiba wote. Kazini hamna aliyesema neno. Kwetu ungekuta kijiwe kimejaa toka usiku, mmoja analaumu kocha, mwingine kaleta karatasi kachora, watani wanapita na bodaboda wanapiga honi, unachukia lakini haubaki peke yako na lile donge. Siku moja tu nimeona huku kitu kinachofanana na Mkapa, tarehe 10 Oktoba dhidi ya Detroit, mechi iningi 15, karibu masaa matano, nilikuwa juu kabisa huko viti vya bei rahisi. Hamna aliyeondoka. Gilbert ambaye kaanza mechi siku tatu nyuma akatoka bulpeni kuja kusaidia, uwanja mzima ukasimama, Castillo naye akaingia, na Polanco alipoupiga ule wa mwisho ikawa 3-2 mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akalia kwenye bega langu.

Simu pekee niliyopigiwa usiku ule wa Toronto ilitoka Tanga. Ilikuwa saa 2 usiku huku, kule saa 12 asubuhi, mdogo wangu, Yanga lialia, mtu ambaye mwezi wa tano alinitumia picha za Amaan wiki nzima. Nikajua amekuja kunitania. Akasema, "Kaka, pole. Nimeona mmetolewa." Besiboli haijui hata kidogo, alikuwa ameitafuta mwenyewe kwenye simu. Akaniuliza sasa itakuaje, nikamwambia tukibaki na mapitcha wetu mwakani tutarudi, nikamtajia majina, nikamueleza Kirby hatoi besi za bure hovyo, anarusha mpira pale pale anapotaka.

Mwezi wa pili mapitcha na makecha wanaripoti kambini Peoria, Arizona. Juzi kaniandikia tena, hakusalimia wala nini: "Kaka, yule Kirby bado yupo?"

Nikamjibu bado yupo.