Ile hela ikishavuka mpaka

Huku Uingereza meseji ya kitapeli unaituma 7726 bila malipo, kampuni ya simu inakuuliza imetoka namba gani. Nyumbani Tanzania, "ile hela itume kwenye namba hii" unaipeleka 15040. Hapo hatujapishana sana. Tunapishana pesa ikishatoka.

Tangu 7 Oktoba 2024, mtu wa huku akilaghaiwa akahamisha pesa kwa mkono wake, benki inatakiwa kumrudishia hadi pauni 85,000, labda awe amezembea kupita kiasi. Benki iliyotuma na iliyopokea zinachangia nusu kwa nusu. Aliyemfungulia tapeli akaunti naye anaumia, kwa hiyo anachunguza wateja wake. Lakini kinga hiyo ni ya miamala ya ndani ya Uingereza tu. Ukimtumia dalali feki wa kiwanja Kigamboni, haikuhusu, na sisi wa diaspora ndiko pesa zetu zinakokwenda.

Sasa tazama ushahidi uliko. Usajili wa laini uko kwa kampuni ya simu. Sura ya aliyetoa hela ameiona wakala. Mazungumzo yako WhatsApp, kampuni ya Marekani. Mlalamikaji yuko Leeds, kituo cha polisi kiko Temeke. Polisi hana hata kimoja mkononi. Kila kitu anaomba, na maombi ya nchi kwa nchi huchukua miezi wakati hela hutolewa kwa dakika. Mkataba wa Budapest wa 2001, wa uhalifu wa mtandaoni, unaruhusu nchi wanachama kuomba data ihifadhiwe, isipungue siku 60, ili isifutwe wakati maombi yanasubiriwa. Ni msaada mkubwa, ila lazima kwanza mtu ajue data ipo kwa nani.

Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa wa uhalifu huo huo, uliopitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, unazitaja asasi za kiraia, vyuo na kampuni kwenye kifungu cha 53, cha kuzuia uhalifu. Kwangu haitoshi. Kampuni za simu na za kutuma pesa ziwe na mtu wa zamu saa 24 anayeweza kushikilia muamala polisi wakiendelea na taratibu zao. Na mawakili na asasi wakae meza hiyo hiyo, maana kifungu cha 16 cha Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, cha taarifa za uongo, kimewahi kuwafikisha mahakamani watu kwa walichoandika mtandaoni. Data ya mteja isitolewe bila hati yenye jina la kosa.

Hadi hapo, ukitapeliwa pigia kwanza kampuni uliyotumia kutuma, kabla ya polisi. Kuwa na namba ya muamala, saa kamili na namba ya mpokeaji. Usifute chati.