Nyimbo za Mahler Ambazo Vienna Haikuzisikia

Tarehe 31 Machi 1913, katika ukumbi wa Musikverein jijini Vienna, mtunzi Arnold Schoenberg aliongoza tamasha la okestra ambalo hadi leo hukumbukwa kwa ajili ya kofi. Wasikilizaji walizomeana, wakashikana mashati, na mmoja wa waandaaji akadaiwa kumpiga mtu kofi, hata shauri likafika mahakamani. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona kuwa msiba, kwa sababu kazi iliyopangwa kufunga usiku ule haikupigwa kabisa: Kindertotenlieder, nyimbo tano za Gustav Mahler za kuwalilia watoto waliofariki.

Mahler alikuwa amefariki 1911, na nafasi aliyopewa katika ratiba ilikuwa na maana yake. Wasikilizaji wangeanza na vipande sita vya Anton Webern, wapitie kwa Zemlinsky, Schoenberg mwenyewe na Alban Berg, ndipo wafike kwa mtunzi ambaye wote hao walimheshimu mno. Kisikilize kipande cha nne cha Webern, aliyevitunga vipande hivyo 1909, miaka mitatu baada ya kufiwa na mama yake. Ngoma kubwa, upatu na kengele huanza kwa sauti ya chini mno, kana kwamba zinapigwa ng'ambo ya ukuta; filimbi na tarumbeta huingia kwa zamu, kwa mwendo wa watu waliobeba jeneza, kisha ngoma hupanda, hupanda, hadi ukumbi wote unatetemeka. Aliyewahi kusikia mwendo wa mazishi katika simfoni za Mahler hawezi kukosa kuutambua ukoo huo.

Zogo lilifika kileleni kwenye nyimbo za Berg, na tamasha likavunjika kabla ya zamu ya Mahler. Ziliimbwa mbili tu kati ya tano, na Berg akafariki 1935 bila kuzisikia zote zikiimbwa pamoja na okestra; jambo hilo lilifanyika Roma, 1953.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumtengea Mahler usiku wake, na hawa wengine usiku mwingine wenye viti vitupu. Natamani ratiba ya 1913 ipigwe kama ilivyopangwa, tangu vipande vya Webern hadi zumari moja na pembe moja zinazoufungua wimbo wa kwanza wa Mahler, ukumbi ukiwa kimya.