Eti Uingereza walitoka na bado wanakula

Kila ubishi wa kujitoa kwenye jumuiya ya kibiashara ukipamba moto, hakosekani bingwa wa kutuambia: "Uingereza walitoka Umoja wa Ulaya, na mpaka leo wanakula." Juzi nimeisikia tena, na safari hii imenikera kweli. Wanakula, ndiyo. Mimi nauliza habari za anayelima na kuvua.

Bingwa hukimbilia ushuru. Ni kweli, mkataba wa Desemba 2020 uliacha ushuru sifuri kwa bidhaa zilizotimiza masharti ya asili, yaani ya kuthibitisha zilikotengenezwa. Makofi! Kilichoozesha samaki wa Scotland Januari 2021 ni makaratasi. Ghafla nyama, samaki na jibini vikawa haviingii Ulaya bila cheti cha afya chenye saini ya daktari wa mifugo au ofisa mwingine aliyeidhinishwa. Lori likibeba mizigo ya wauzaji kumi na cheti cha mmoja kikakosewa, wote wanalala njiani, na kamba hawajui kusubiri. Mwezi huohuo malori ya wauza samaki yakaingia London kuandamana karibu na ofisi ya waziri mkuu. Kome hai wa maji ya daraja B, yasiyo safi vya kutosha kuwala bila kuwasafisha, waliokuwa wakisafishwa hukohuko Ulaya, wakakataliwa hadi wasafishwe kwanza. Viazi vya mbegu vya Scotland vikafungiwa mlango kabisa, ingawa shamba ni lile lile la Desemba.

Sasa sikia la kuudhi zaidi. Uingereza yenyewe iliahirisha ukaguzi wake mara kadhaa. Vyeti kwa vyakula vya Ulaya vikaanza kudaiwa Januari 2024, ukaguzi wa mizigo Aprili. Miaka mitatu mfugaji wa Uingereza anahangaika na mihuri, huku mwenzake wa Ulaya akishusha jibini bandarini Dover kama vile hakuna kilichobadilika. Na hii ilifanywa na serikali iliyoapa kuidhibiti mipaka yake!

Machinjio nayo yalikosa wachinjaji mwaka 2021, nguruwe wakauawa mashambani na kutupwa. Uviko ulichangia, sawa.

Na sawa, nakubali kwa shingo upande: ruzuku ya Ulaya iliyolipwa kwa ukubwa wa ardhi ilinenepesha wenye ardhi kubwa, na kuiondoa halikuwa wazo baya. Hata sheria ya 2024 ya kuzuia kusafirisha mifugo hai kwenda kuchinjwa ng'ambo ni nzuri. Ila mpango mkuu wa ruzuku mpya kwa England ulifungwa ghafla kwa waombaji wapya Machi 2025. Mkulima apange msimu vipi hapo?

Mei 2025 London na Brussels, yaani Uingereza na Umoja wa Ulaya, zikakubaliana kutafuta mkataba wa afya ya vyakula na mimea, Uingereza ikifuata kanuni za Ulaya kila zinapobadilika. Zamani ilizipigia kura. Makaratasi huenda yakapungua, na itakuwa heri. Lakini wale watengeneza jibini wadogo walioacha kuuza ng'ambo kwa sababu gharama ya cheti ilimeza faida, wateja wao nani atawarudishia?