Mizuka ya Dunga isinyamazishwe

Anayepita Dunga, njia ya Chwaka, hakosi kusimuliwa habari za magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, Muhammad bin Ahmed. Husimuliwa kwamba kasri lilipojengwa, katikati ya karne ya 19, watumwa waliuawa, damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta zipate nguvu. Mpaka leo, husemwa, usiku mizuka yao hulia.

Wapo wanaotaka kisa hiki kiachwe, na hoja yao ina uzito. Chokaa, udongo na mawe ya matumbawe vimesimamisha nyumba za Unguja karne na karne bila damu ya mtu. Tena kisa kinamtwisha Mwinyi Mkuu peke yake mzigo wa utumwa, ilhali mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa ya Sultani na matajiri wenzake.

Lakini kuna habari ya kisima. Inaelezwa kwamba hapo magofuni kilikutwa kisima kilichojaa mifupa ya watu hadi nusu. Mwenye shaka atasema mifupa haithibitishi kafara. Huenda ni kipindupindu, kilichoua maelfu Unguja mwaka 1869 na 1870. Haya, tuseme ni kipindupindu. Maiti ya Mwislamu, hata awe fukara, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, hulazwa kwenye mwanandani wa kaburi. Waislamu wa mahali wakiacha wote, wote wamepata dhambi. Hawa walitumbukizwa kisimani, na kisima chenyewe kikaachwa kiharibike. Ni nani hao waliokosa hata ndugu mmoja wa kuwadai? Mimi sioni jibu jingine ila watu waliong'olewa kwao, ambao hakuna aliyehesabu kwamba anadaiwa sanda yao. Kwangu hilo linatisha kuliko damu ya kwenye chokaa.

Mwenye kasri tunamjua kwa jina, tunajua alifariki 1865, na ngoma na siwa, yaani pembe, za enzi yake zimehifadhiwa. Waliobeba mawe hatuna jina lao hata moja. Mzuka ndio ushahidi pekee waliopewa nafasi ya kuutoa.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba Mwinyi Mkuu ameonewa, na aongeze visa, asipunguze. Aanzie Marahubi, kasri alilojenga Sultani Barghash mwaka 1882, miaka 15 kabla utumwa haujapigwa marufuku kisheria Unguja. Pale wageni husimuliwa masuria na mabafu. Vilio havitajwi.