Yai la uani halina tarehe

Wengi wetu tunaamini kwamba yai la kienyeji ni salama kwa sababu tu ni la kienyeji. Mtu huyohuyo anayemuuliza muuza duka trei ya mayai ya kisasa imeingia lini, akiletewa mayai ya kuku wa shangazi kutoka kijijini anayatia sufuriani bila swali. Mimi nayapenda mayai haya kuliko mayai yoyote, na kwa sababu nayapenda nataka tuseme ukweli wake. Yai la kuku anayejitafutia halina mhuri wala tarehe. Tarehe yake iko kichwani mwa mwenye kuku, na yeye asipoijua, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Kuku wa bandani hutaga pale ulipomwekea. Anayezurura hutafuta pake: chini ya mchaichai, nyuma ya kuni, ndani ya beseni bovu, hata uvunguni mwa kitanda mlango ukiachwa wazi. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha anaanza kuatamia, na kwa mwaka hurudia mara 3 au 4 hivi. Kwa hiyo ukifumania kiota chenye mayai 12, la kwanza laweza kuwa na wiki 2 au zaidi na la mwisho ni la leo asubuhi. Kwa macho yote ni mamoja.

Watu humsingizia jogoo. Yai lenye mbegu halina ubaya wowote, ladha ni ileile na lishe ni ileile, na likiwekwa mahali pa ubaridi kiinitete hubaki kimelala. Kinachoharibu ni joto. Chini ya kuku anayeatamia, kwenye nyuzi 37 au 38, moyo wa kifaranga huanza kudunda ndani ya siku 2. Huku pwani wakati wa kaskazi hewa yenyewe inapita nyuzi 30, na yai lililoachwa kichakani laweza kuanza kukua kidogo kisha likafa bila kuku yeyote kulilalia. Ndiyo maana yai linalovumilia Njombe halivumilii Dar es Salaam, na ushauri wa siku ngapi yai likae haufai kutolewa bila kuuliza mtu anaishi wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuokota kila siku. Kuku wengi hutaga kati ya asubuhi na mchana, na yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, saa 20 hivi zikiwa za ganda peke yake. Hivyo kila siku kuku huchelewa kidogo kuliko jana, mpaka afike siku ya kuruka. Ukiwafungulia saa 4 au saa 5 asubuhi badala ya alfajiri, mengi yatakuwa yameshatagwa bandani. Na akitetea, mfuate. Kwenye kiota acha yai moja ulilolitia alama ya mkaa ili asihame, mengine chukua, na uandike siku kwa penseli kwenye ncha butu. Weka ncha hiyo juu, kikapuni, mbali na jiko. Kwenye chumba chenye ubaridi wiki 2 ni sawa. Mimi huku pwani wakati wa joto sivuki wiki 1, na mwenye friji anaweza kufika wiki 4.

Na tafadhali, tuache kuosha kila yai mara linapoingia ndani. Ganda lina vitundu maelfu visivyoonekana, na juu yake kuku ameacha utando mwembamba wa kuvilinda. Maji yanauondoa. Marekani mayai ya kiwandani huoshwa, kisha sheria inataka yakae kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 7. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni tofauti: mayai ya daraja la A kwa kawaida hayaoshwi kabisa. Njia zote mbili zina mantiki. Isiyo na mantiki ni ile yetu ya kuosha yakang'aa halafu kuyaacha juu ya kabati wiki nzima. Uchafu mkavu unafutwa kwa kitambaa kikavu. Lililojaa tope osha kwa maji yenye uvuguvugu kuzidi yai lenyewe, kwa sababu maji baridi hulifanya la ndani linywee na kuvuta uchafu kupitia vile vitundu. Likishaoshwa lipikwe siku hiyohiyo.

Sasa kile kiota cha kichakani. Jaribio la maji kila mtu analijua: yai linalolala chini ni jipya, linalosimama wima limekaa, linaloelea ni la zamani. Lina ukweli, maana unyevu hutoka kidogo kidogo kupitia ganda na ule uwazi wa hewa kwenye ncha butu unapanuka. Ila maji yanapima umri tu. Hayakuambii kama yai limeatamiwa, wala kama lina vimelea. Yai la siku 4 lililolaliwa na kuku siku zote hizo litazama chini kabisa, na ndani yake kuna mishipa ya damu.

Hapo tumia mwanga. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, zunguka ncha butu kwa vidole mwanga usivuje pembeni. Yai zuri linang'aa lote, kivuli cha kiini kinaelea katikati. Lililoatamiwa siku kadhaa lina doa jeusi lenye vijimishipa vyekundu vilivyotawanyika kama mizizi ya mche. Ukikuta pete ya damu bila mishipa, kifaranga kimeshakufa. Ukikuta giza tupu linalotikisika kama maji, hilo ni viza. Litoe nje taratibu, maana likikupasukia ndani utahama nyumba. Na ukiona mishipa hai huku kuku bado yuko juu ya kiota, mrudishie mayai yake umwache amalize siku zake 21.

Yaliyopita kwenye mwanga yanapasuliwa moja moja kwenye kikombe, kamwe si moja kwa moja kwenye bakuli lenye mengine. Nalishikilia hili kuliko jaribio lolote, kwa sababu hapo ndipo yai linaposema lenyewe. Jipya, kiini kimevimba juu na ute mzito umekizunguka, mara nyingine una ukungu mweupe. La zamani, ute umekuwa maji, umetanda, na kiini ni bapa, kinapasuka kwa kuguswa. Hilo bado linalika. Tone la damu juu ya kiini pia halina neno, ni mshipa mdogo uliokatika ndani ya kuku. Ila harufu ikikugonga, au ute ukiwa wa kijani au wa waridi, mwaga na uoshe kikombe kwa sabuni.

Ndiyo maana nasema yai lisilojulikana umri halichemshwi. Ukilichemsha umeifunga siri ndani ya ganda mpaka ifunguke kwenye sahani ya mtoto au ya mgeni. Wala haliuzwi. Anayempelekea muuza chipsi mayai ya kiota asichokijua anamtwika mwenzake hatari ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuibeba.

Vimelea vya salmonela, vinavyoleta ugonjwa wa tumbo, havina harufu wala rangi, kwa hiyo hata yai la leo lipikwe mpaka ute na kiini vishikane, hasa kwa watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa. Ile desturi ya kunywa yai bichi la kienyeji kwa ajili ya nguvu au sauti naipinga moja kwa moja. Mwili unasaga vizuri zaidi protini ya yai lililopikwa, kwa hiyo anayelinywa bichi anaongeza hatari na kupunguza faida.

Kuna na yale ambayo si maji, si tochi, si kikombe vitakavyokuonyesha. Kuku akipewa dawa ya kuua bakteria au ya minyoo, dawa hupita hadi kwenye yai, na kwenye karatasi ya dawa zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kula mayai yake. Wengi hatuisomi. Tunachanganya unga kwenye maji ya kuku leo, kesho tunakula mayai. Kuku anayezurura pia hula udongo. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, mahali palipochomwa mabaki ya vifaa vya umeme, ulikuta sumu ya dioksini kwa kiwango cha kutisha ndani ya mayai ya kuku wanaochakura pale. Mwaka 2025 taasisi ya afya ya umma ya Uholanzi iliwashauri watu nchi nzima wasile mayai ya kuku wao wa nyumbani kwa sababu ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza kwa urahisi. Ninapoona nyumba inachomea plastiki na nyaya kwenye shimo lilelile ambako kuku wanashinda, naumia. Shimo hilo lizungushiwe wavu leo, na plastiki isichomwe hapo tena.

Mayai yakishakuwa na tarehe, kuyamaliza ni raha. Ya siku mbili tatu ni ya kukaanga bila kuvuruga, na kiini chake kina rangi ya kuvutia kwa sababu ya majani na mahindi ya njano aliyokula kuku. Ya wiki moja ndiyo ya kuchemsha, maana yai jipya mno ganda linang'ang'ania na kutoka na nyama yake. Yachemshe dakika 10, menya, yatie kwenye mchuzi wa nazi wenye bizari na ndimu, chapati pembeni. Yaliyozidi yaende kwenye chapati za maji, keki, au kuvika katlesi. Mkate wa kumimina unataka ute, basi viini vinavyobaki vitie kwenye keki siku hiyohiyo. Mwenye jokofu anaweza kuyapiga na chumvi kidogo akayagandisha. Maganda yakaushe kwenye moto, yatwange mpaka yawe unga, uwarudishie kuku. Usiwape yakiwa na umbo la yai, wasije wakajifunza kudonoa yao.

Ila kabla ya keki na kabla ya soko, yaanze kuliwa na watoto wa nyumba hiyo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Najua udumavu una sababu nyingi na yai peke yake haliumalizi. Hata hivyo sioni sababu ya nyumba yenye kuku wanane kuuza kila yai ili inunue soda, wala ya kumwambia mjamzito kwamba akila mayai atajifungua mtoto asiye na nywele. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, lina vitamini A na B12, na liko hapo mlangoni. Mama mjamzito apewe lake lililoiva vizuri, mtoto aliyeanza kula apondewe lake kwenye uji au viazi, na yanayobaki ndiyo yapelekwe sokoni, kila moja na siku yake ya penseli kwenye ganda, ili mnunuzi naye ajue analeta nini nyumbani kwake.