Mlango wa Sabaki usikatwe ploti

Mto huu unatoka mbali. Huko bara unaitwa Athi, ukipita Tsavo unakuwa Galana, na ukitufikia hapa kaskazini mwa Malindi ni Sabaki. Udongo mwekundu unaoubeba njia nzima unautua pale unapokutana na bahari, mlangoni mwake, na miaka nenda miaka rudi pamejijenga matope, mikoko, vidimbwi na vilima vya mchanga. Kila nikisikia dalali akisifia ploti za upande ule, eti ardhi imekaa bure na bahari unaiona ukiwa barazani, moyo unaniuma.

Haijakaa bure. Ina wenyewe.

Wa kwanza ni kiboko. Mchana yumo majini, jua likizama anatoka kutafuta nyasi. Kwa usiku mmoja anaweza kutembea kilomita kadhaa na kula kama kilo 40, na njia zake hazibadilishi ovyo. Mjengee ukuta katikati ya njia hiyo uone. Atauzunguka, ataangukia shamba la mahindi la jirani, au atakutana gizani na kijana anayerudi nyumbani kutoka kazini. Hapo ndipo Shirika la Wanyamapori hupigiwa simu, na mara nyingi mnyama huishia kwa risasi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini pesa hizo husubiriwa kwa miaka, na hata zikija hazimrudishi mtu. Aliyeuza ploti wakati huo ameshahamia biashara nyingine.

Watu huniambia sheria inatosha, kwani kuna ukanda wa mto usioruhusiwa kujengwa. Ukanda wenyewe ni mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni. Kwa kiboko hizo ni hatua chache tu. Kwa Sabaki wenyewe ukifurika si kitu, na wakazi wa Magarini, ng'ambo ya mto, waliohamishwa na mafuriko mwaka 2018, kisha mafuriko yakarudi 2023, hawahitaji kuelezwa.

Halafu kuna ndege. Vitwitwi wanatoka hadi Siberia kuja kula kwenye matope haya, na kusi ikivuma wanakuja kwa maelfu viluwiluji wa Madagascar, ndege ambao kisiwa chao ndicho pekee wanakozalia. Mlango wa Sabaki umo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege duniani. Na kamba wanaovuliwa Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwetu, tunaowanunua sokoni, wanategemea mikoko na rutuba inayoshuka na mito kama huu.

Najua jibu litakalokuja: Wapwani wengi hawana ardhi, mnajali wanyama kuliko watu. Dhuluma ya ardhi Pwani ni ya kweli, na inanikera kama inavyomkera yeyote. Lakini Mgiriama asiye na hatimiliki siye atakayejenga nyumba yenye bwawa la kuogelea juu ya kilima cha mchanga. Yeye ndiye anayevua pale, anayechunga mbuzi pale, anayewatembeza wageni kuwaonyesha viboko. Ukuta ukisimama, wa kwanza kufungiwa nje ni yeye.

Kaunti ya Kilifi ianze na ramani: njia za viboko, mikoko, vilima vya mchanga na mahali maji yalipofika katika mafuriko yale mawili. Kabla ramani hiyo haijakamilika, asipewe mtu kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi pale mlangoni. Nasi tusingoje tingatinga lifike. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inatupa nafasi ya kupinga maombi ya namna hii kwa maandishi. Wavuvi, wachungaji na waongoza wageni wa Sabaki ndio wanaostahili kutia sahihi wa kwanza, na sisi wa mjini tuwafuate.